Habari za Maji Kisangani: Uratibu na Mawasiliano Wakati wa Mafuriko

Mto Kongo ufikapo Kisangani huwa umekwisha kuyapita maporomoko saba ya Boyoma, na kuanzia hapo hadi Kinshasa, masafa ya kilomita 1,734, vyombo husafiri bila kizuizi. Mji wenyewe umekaa kandokando ya mto. Komini tano, yaani Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani, ziko ukingo wa kulia pamoja na ofisi karibu zote. Ya sita, Lubunga, iko peke yake ukingo wa kushoto. Hakuna daraja baina ya pande hizo mbili. Avukaye hupanda mtumbwi au kivuko.

Mafuriko ya mto mkubwa namna hii hayafanani na ya vijito vya mjini, ambavyo hujaa kwa saa chache baada ya mvua na kesho yake vikapungua. Maji ya Kongo hupanda kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, na mwenye kipimo huyaona yakija. Kwa hiyo linalopaswa kuchunguzwa si utabiri peke yake. Ni njia ipitwayo na habari ya maji tangu kwenye kipimo hadi mlangoni pa mkazi wa Lubunga, na ni nani hasa aliyepewa wajibu wa kuifikisha.

Upimaji wa kimo cha mto Kisangani ulianza mapema katika karne ya 20. Siku hizi kazi hiyo ni ya Régie des Voies Fluviales, shirika la umma linalosimamia njia za maji. Hapana budi kukumbuka kwamba shirika hili liliundwa kwa ajili ya usafiri: nahodha anataka kujua kama kina kinatosha, na hofu yake kubwa ni maji kupungua. Mwenye nyumba ana hofu iliyo kinyume cha hiyo. Kipimo ni kimoja, lakini habari yake iliandaliwa kwa msomaji mmoja tu kati ya hawa wawili.

Jambo hili lilidhihirika katika majira ya mvua ya 2023 na 2024. Mwishoni mwa Desemba 2023 shirika hilo lilitoa onyo kwamba maji yalikuwa yakikaribia vimo visivyoonekana kwa miongo mingi, na Januari 2024 kipimo cha Kinshasa kilifika mita 6.20, karibu sana na rekodi ya mita 6.26 ya 1961. Tshopo lilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyofurika. Takwimu za serikali za mwezi huo zilitaja vifo vipatavyo 300 na nyumba zaidi ya 43,000 zilizobomoka nchini kote. Kinshasa, iliyo chini ya mto, hunufaika na habari zitokazo juu. Kisangani, iliyo juu, hutoa habari kuliko inavyopokea. Kwa usalama wake yenyewe ingetegemea vipimo vya Ubundu na Kindu, na ujumbe kutoka huko hauna budi kusafiri katika nchi ya misitu, reli chakavu na simu za kubahatisha.

Habari ikishafika mjini hukutana na wenyeji wengi. Kuna gavana wa jimbo, kuna meya, kuna wakuu wa komini, kuna idara ya ulinzi wa raia na ile ya maswala ya kijamii. Kuna Msalaba Mwekundu wa Kongo, ambao watu wake wa kujitolea wanaishi katika mitaa ileile inayofurika, kuna Caritas, na kuna mashirika ya Umoja wa Mataifa. Jimbo la Tshopo lenyewe ni changa, kwani lilizaliwa 2015 jimbo la Orientale lilipogawanywa mara nne. Ofisi ya uratibu wa misaada ya kibinadamu ya Umoja wa Mataifa, OCHA, huwaita wote hawa mezani. Lakini kuratibu si kuamuru, na anayealikwa anaweza asije.

Tangu 2006 Kongo imekuwa miongoni mwa nchi za kwanza kujaribu mpango wa kuyagawa mashirika katika makundi ya kazi: maji na usafi, makazi, chakula, afya, na kadhalika. Mpango huu umepunguza mchezo wa mashirika matatu kugawa mablanketi katika mtaa mmoja ilhali mtaa wa pili haukupata hata moja. Hata hivyo una pengo. Unaanza kufanya kazi pale ambapo mahitaji yamekwisha kuonekana, ilhali onyo ni jambo la kabla ya mahitaji, na halimo katika fungu la yeyote. Lipo kundi la mawasiliano ya dharura, linaloongozwa na Mpango wa Chakula Duniani, lakini kwa asili kazi yake ilikuwa kuwapatia redio na intaneti watumishi wa mashirika wenyewe. Mkazi alifikiriwa baadaye.

Kuhusu vyombo, Kisangani haikuwa maskini kama inavyodhaniwa. Katika miaka ya 1980 na 1990, simu za waya zilipokufa, wafanyabiashara na misheni walizungumza kwa redio za mawimbi mafupi, zilizojulikana kwa jina la foni. Simu za mkononi zilipoenea baada ya 2000 foni ilidharauliwa, ingawa bado ndiyo hufika katika vijiji visivyo na minara. Simu ya mkononi inataka umeme, na umeme wa Kisangani hutoka katika bwawa la mto Tshopo lililojengwa enzi za Wabelgiji, ambalo mitambo yake imechoka. Radio Okapi, iliyoanzishwa 2002, hutangaza kwa Kifaransa na kwa Kilingala, Kiswahili, Kikongo na Kiluba. Redio ndogo ya betri huenda ikawa ndicho chombo cha mwisho kunyamaza.

Lakini kabla ya hivi vyote palikuwa na ngoma. Walokele, wavuvi na wachuuzi wa mtoni kati ya Kisangani na Isangi, walipelekeana habari kwa gogo lililochongwa na kuachwa mwanya, lenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi Yakusu, aliieleza ngoma hiyo katika kitabu chake cha 1949. Lugha ya Walokele ni ya toni, na maneno mengi yana toni sawa. Neno la mwezi na neno la kuku, kwa mfano, hayatofautiki yakipigwa. Kwa hiyo mpigaji hapigi neno tupu, bali huliongezea maelezo yake ya kawaida mpaka msikilizaji asiweze kukosea. Ujumbe unakuwa mrefu, nao unarudiwa. Anayetunga onyo la simu lenye maneno sita angefaidika kwa kulitafakari hili, maana ufupi ambao humwokolea mtumaji fedha unaweza kumwachia mpokeaji mashaka.

Hapo ndipo suala la lugha linapoingia. Mikutano huendeshwa kwa Kifaransa na kumbukumbu zake huandikwa kwa Kifaransa. Mjini husemwa Kiswahili, kilicholetwa na misafara ya akina Tippu Tip katika karne ya 19, na Kilingala, kilichopanda mto pamoja na meli na jeshi. Kiswahili chenyewe si kile cha vitabuni: upatanisho wa ngeli umerahisishwa, na tungo kama "maji inapanda" ni ya kawaida. Tangazo lililofasiriwa kwa Kiswahili sanifu huheshimiwa kama lugha ya shule, lakini heshima si sawa na kueleweka. Tena "mita sita" haimwambii kitu mama mwenye shamba la mpunga ukingoni. Angeambiwa maji yatafika ngazi ya ngapi ya gati, au mwembe upi, angejua kama avune leo.

Gharama ya kuchelewa haiishii Kisangani. Machi 2011 kipindupindu kilizuka mjini humo, kikateremka na mto kupitia Mbandaka na Bolobo, na mwezi Juni kikafika Kinshasa. Kilisafiri miezi mitatu, bandari kwa bandari, ndani ya vyombo vilevile vilivyobeba samaki, mihogo na barua.