Kunguru, Mgeni Tuliyemwalika Wenyewe

Wahenga walinena kuwa kunguru hafugiki, na maneno hayo nimeyasikia tangu nilipokuwa nikienda chuoni na ubao wangu kwapani. Lakini liko jambo jingine juu ya kunguru ambalo sikuambiwa na wahenga. Hilo nimefunzwa uzeeni na jirani yangu, bi mkubwa mmoja mjane, hapa mtaani kwetu Likoni.

Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, alinipigia hodi. Kiganjani alikuwa na kifaranga kilichodonolewa kichwa.

"Maalim," akaniambia, "vilikuwa kumi na kimoja. Leo ni siku ya tano na vimebaki vitatu. Wewe ni mtu wa magazeti, wajuana na wakubwa. Waandikie, kunguru hawa wanimaliza."

Msomaji usicheke. Bi mkubwa huyu hana pensheni wala duka. Kuku wake ndio benki yake. Mayai huuza, majogoo huwauza ikikaribia Idi, na pesa hizo ndizo zinazomnunulia mjukuu wake madaftari ya skuli.

Basi nikatoka kumtafutia msaada, nikaanza kwa watu wa hapa hapa. Mvuvi mmoja mzee alinambia tutundike mzoga wa kunguru juu ya mti, wenziwe wakiuona watahama. Tukatundika. Kunguru wakaja, wakalia, wakaweka matanga siku mbili, na ya tatu wakarudi kwenye vifaranga. Kijana mmoja akaja na manati. Haukupita muda wakamjua sura, wakawa wakimwona tu kwa mbali huruka, na akiondoka hutua. Mama mwingine akashauri vifaranga vipakwe rangi ya kutilia mikeka. Vikapakwa, na kunguru akala chekundu kama alivyokula cheupe.

Mtu wa nne aliniletea unga katika karatasi isiyo jina, akasema tuutie ndani ya nyama. Huo niliukataa. Unga wa namna hiyo hauchagui: paka atakula, kuku watadona, na mtoto atokaye chuoni huenda akaushika kwa mkono.

Hapana shaka yuko atakayeuliza: je, kumwua kunguru kwafaa? Kwafaa. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alimtaja kunguru pamoja na mwewe, nge, panya na mbwa mwenye kuuma, kuwa ni viumbe vya madhara ambavyo huuawa hata katika eneo takatifu. Lakini Mtume huyo huyo ametufunza kwamba tunapoua, tuue kwa wema. Sumu isiyojulikana ilikotoka wala itakakoishia haina wema wowote.

Tena kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wetu. Mwenyeji ni yule mwenye kifua cheupe. Huyu wa kijivu asili yake ni Bara Hindi, na wataalamu wa ndege wasema aliletwa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1890, makusudi, ili asafishe mji kwa kula taka. Hapa Mombasa alionekana mara ya kwanza mwaka 1947. Naam, aliitwa kuja kusaidia! Akala taka, na taka zilipokuwa hazimtoshi akala mayai na makinda ya mnana na chozi, hata kufika kwenye vifaranga vya bi mkubwa.

Wakubwa nao hawakulala. Mnamo Juni 2024 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka ule, kwa dawa iitwayo Starlicide. Dawa hiyo huingizwa nchini kwa leseni na hutegwa na waliofunzwa kazi hiyo, si na mimi na wewe. Wenzetu wa Dar es Salaam wametumia pia mitego ya matundu makubwa, ndani yake nyama na kunguru mmoja hai wa kuwavuta wenziwe. Haya yote ni mema. Lakini tutazame Unguja. Katika miaka ya 1990 walipunguza kunguru kwa wingi sana, na kazi ilipokoma kunguru wakaongezeka tena.

Kwa nini? Jawabu nililipata uani kwa bi mkubwa, siku niliyokwenda kumsimulia habari hizi zote za dawa na mitego. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Maalim, uniwie radhi," akasema. "Kwani wewe matumbo ya samaki wayatupa wapi?"

Nikanyamaza. Kila Jumamosi mimi hununua changu, huwaparia nyuma ya nyumba, na matumbo na magamba huyarusha ng'ambo ya ukuta. Ng'ambo ya ukuta ule ni karibu na banda lake la kuku. Kumbe alijua siku nyingi, akanistahi.

Jaa la Kibarani lilipofungwa mwaka 2018 sote tulishukuru, na mimi nikiwa mbele kulisifu jambo hilo. Lakini kila mmoja wetu amebaki na Kibarani yake ndogo nyuma ya nyumba, na huko ndiko kunguru apatapo chakula cha asubuhi. Amalizapo matumbo ya changu, kifaranga ndicho kitoweo kilicho karibu.

Hapo nikakumbuka kisa tulichosomeshwa katika Suratul Maida. Qabil alipomwua nduguye Habil hakujua la kufanya na maiti, Mwenyezi Mungu akampeleka kunguru afukue ardhi, amwonyeshe namna ya kusitiri. Mwanadamu alifunzwa kuzika na kunguru, naye Qabil akajuta kushindwa na ndege. Nami kwa majuto yale yale nikachukua jembe.

Sasa matumbo ya samaki nayafukia, na juu yake hushindilia udongo. Majirani watano wamefanya vivyo hivyo. Vifaranga hushinda chini ya tenga mpaka vipate mbawa. Kuku wa bi mkubwa ameangua tena tisa. Leo ni wiki ya sita, na vipo vinane.

Kunguru wangalipo, nawasikia mwembeni niandikapo haya, ila wamepungua uani kwetu. Ama ile barua kwa wakubwa, bi mkubwa amesisitiza niiandike vile vile, kwani dawa na mitego ni kazi yao. Barua yenyewe ndiyo hii, na nakala ya kwanza nimejipelekea mwenyewe.