UPEPO UMECHUKUA PAA: SASA UFANYE NINI?



Jioni moja ya mwezi wa nne mzee mmoja wa skimu yetu alikuwa akikamua ng'ombe wakati upepo ulipokuja pamoja na mvua ya mawe. Kabla ndoo haijajaa, mabati 14 ya nyumba yake yalikuwa yamelala katika shamba la viazi la jirani. Hakuna aliyeumia, naye alimshukuru Mungu. Tena alikuwa na bima ya nyumba, aliyoilipia kila mwaka.

Lakini asubuhi yake aliuza mabati yaliyopinda kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, akaezeka upya kwa fedha za karo ya mtoto. Majuma sita yalipopita alikuja ofisini kwetu aandikiwe barua. Mkaguzi alipofika aliona paa jipya tu, na fedha alizolipwa mzee hazikufika robo ya hasara yake. Akaniuliza, "Mwanangu, je, upepo ule niliuota?"

Mzee huyu si mwongo wala si mvivu. Alikosa kujua utaratibu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi soma maneno haya leo, wakati paa lako lingali juu.

SIKU ILE ILE

Kwanza, watoe watu katika nyumba iliyolegea, na mtu asiguse waya wa umeme ulioanguka.

Pili, kabla ya kuondoa kitu chochote, piga picha kwa simu: paa lote kutoka mbali, kisha kila mahali palipovunjika kwa karibu, ndani na nje. Kama huna simu ya picha, mwombe kijana wa jirani.

Tatu, zuia hasara isizidi. Funika mahali palipo wazi kwa turubai, uhamishe magodoro na magunia. Kazi hii yakupasa, kwa maana ukiacha mvua iendelee kuingia, kampuni yaweza kukataa kulipa hasara ya baadaye. Weka risiti ya turubai. Lakini usiezeke upya wala usiuze mabati mabovu mpaka mkaguzi ayaone, au kampuni ikuruhusu kwa maandishi.

BARUA YA KWANZA

Ipashe kampuni habari mara moja, kwa maana hati ya bima hutaja muda wa kufanya hivyo. Piga simu, kisha andika. Barua fupi yatosha:

"Tarehe ___, saa ___ jioni, upepo mkali na mvua ya mawe viliharibu nyumba yangu yenye bima nambari ___. Mabati 14 yameng'oka na mbao 5 zimevunjika. Nimefunika kwa turubai. Tafadhali mtume mkaguzi."

Weka nakala yake. Halafu jaza fomu ya madai, utie picha, na makadirio ya fundi yanayotaja idadi ya mabati, mbao, misumari na ujira. Huenda wakataka barua ya Chifu pia. Andika ukweli tu. Mtu akiongeza mabati ambayo hayakung'oka, aweza kupoteza madai yote.

Ikiwa nyumba imewekwa rehani kwa mkopo, mjulishe mkopeshaji pia, kwa sababu huenda fedha zikapitia kwake.

HESABU INAYOWASHANGAZA WENGI

Tuseme kuijenga nyumba yako upya ni Sh. 600,000, lakini ili ada iwe ndogo uliikatia bima ya Sh. 300,000. Hiyo ni nusu. Upepo ukileta hasara ya Sh. 80,000, kampuni nyingi zitahesabu nusu ya hasara pia, yaani Sh. 40,000. Tena zitatoa fungu ambalo mwenye bima hujibebea mwenyewe. Likiwa Sh. 5,000, utapata Sh. 35,000.

Kwa hiyo isome hati yako. Je, inataja dhoruba, au moto peke yake? Mafuriko yamo? Bima ya jengo haifuniki mahindi yaliyo ndani isipokuwa imeandikwa hivyo. Na mbao zilizooza au mabati yaliyoliwa na kutu kwa miaka mingi, hiyo ni kazi ya mwenye nyumba.

Usitie sahihi hati ya kumaliza madai kabla hujaielewa. Usiporidhika, iandikie kampuni kwanza. Ikishindikana, peleka malalamiko kwa Halmashauri ya Usimamizi wa Bima, iliyoanza kazi mwaka 2007.

KABLA YA MVUA

Upepo huanza kuinua bati kwenye ukingo wa paa, na mlango ukiwa wazi huingia na kusukuma kutoka ndani. Funga mbao za paa kwenye ukuta kwa waya mnene au utepe wa chuma. Pigilia misumari ya mabati penye mgongo wa bati, si penye bonde, na uizidishe ukingoni. Unaponunua, kumbuka ya kuwa bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30.

Mwisho, piga picha ya paa lako zima wiki hii, uiweke pamoja na hati ya bima na risiti za mabati katika mfuko wa plastiki, mahali pasipovuja. Mzee wetu sasa anao mfuko huo, ameutundika karibu na kitanda chake. Nawe utundike wako.