Damu ya samaki hufichua yaliyomo majini

Mgonjwa anapofika kwa daktari akilalamika kwamba anachoka bure, anakunywa maji kupita kiasi na kwenda haja ndogo mara kwa mara, daktari hamtazami tu usoni na kukata shauri. Humtuma maabara. Tone la damu likionyesha sukari nyingi, ugonjwa umejulikana. Vivyo hivyo, mwanamke anayeshuku kuwa ni mja mzito hupimwa mkojo, na homoni moja tu hutoa jibu hata kabla ya tumbo kuonekana.

Huenda hujapata kufikiria, msomaji, kwamba samaki naye hupimwa kwa njia iyo hiyo. Damu yake, na hata ule ute unaoteleza juu ya ngozi yake, huwa na homoni, protini na vimeng'enya ambavyo huwaeleza wataalamu kama ana afya, kama yuko tayari kutaga, au kama maji anamoishi yameharibika. Jambo hili linatuhusu sisi wakazi wa mijini kuliko tunavyodhani, kwani mengi yanayopatikana katika damu hiyo yametoka vyooni na jikoni mwetu.

Samaki hawezi kusema anaumwa wapi. Wengi wetu hujua ana tatizo anapoelea tumbo likiwa juu. Mwaka wa 2022 wafugaji wa samaki katika vizimba vya Ziwa Victoria, upande wa Kisumu, walipoteza samaki wengi mno baada ya maji kupungukiwa na oksijeni. Mambo yakifika hapo, kinachobaki ni kuhesabu hasara. Dalili ya mvua ni mawingu, na faida ya vipimo vya damu ni kuonyesha mawingu hayo mapema.

Yai huanzia kwenye ini

Kipimo kilicho mashuhuri kuliko vyote ni cha protini iitwayo vitelojenini. Samaki jike anapokaribia kutaga, ovari zake hutoa homoni ya kike aina ya estrojeni. Homoni hiyo husafiri katika damu hadi kwenye ini na kuliamuru litengeneze vitelojenini kwa wingi. Kisha protini hiyo hurudi kwa njia ya damu hadi kwenye ovari, ambako huingia ndani ya mayai na kuwa kiini, yaani chakula cha kifaranga atakayeanguliwa.

Kwa hivyo, anayetaka kujua kama jike anaandaa mayai hana haja ya kumpasua. Humlaza kwa dawa, mara nyingi mafuta ya karafuu yaliyochanganywa na maji, kisha huvuta damu kidogo kwa sindano karibu na mkia. Wafugaji wa samaki aina ya stajoni, ambao mayai yao huuzwa ghali kwa jina la kaviari, hunufaika sana na vipimo vya namna hii. Stajoni dume na jike hufanana kwa nje, na jike huchukua miaka mingi kupevuka. Kumlisha dume miaka yote hiyo ukingojea mayai ni hasara tupu.

Madume wenye protini ya mayai

Sasa zingatia jambo hili. Samaki dume pia ana uwezo wa kutengeneza vitelojenini. Maelekezo yamo ndani ya ini lake, ila yamelala kwa sababu hana estrojeni ya kutosha kuyaamsha. Ukiikuta protini hiyo kwa wingi katika damu ya dume, basi ujue ameipata estrojeni, au kitu kinachoiga estrojeni, kutoka nje ya mwili wake. Nje ya mwili wake ni maji.

Hilo ndilo lililogunduliwa nchini Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walionekana samaki wenye viungo vya kike na vya kiume kwa pamoja, karibu na mahali pa kusafishia majitaka. Katika miaka ya 1980, watafiti, miongoni mwao John Sumpter wa Chuo Kikuu cha Brunel, waliweka trauti ndani ya vizimba katika maji yaliyotoka kwenye mitambo ya kusafisha majitaka. Trauti ni jamii ile ile iliyoletwa na kupandwa katika mito baridi ya Mlima Kenya na Aberdare. Baada ya majuma machache tu, vitelojenini katika damu ya samaki hao ilikuwa imepanda mara mamia, na kwingine mara maelfu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1994.

Mwaka wa 1998 uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba samaki wa mwituni katika mito mingi ya Uingereza walikuwa na kasoro hiyo hiyo. Mwaka huo huo chanzo kilitajwa: homoni za kike za asili zinazotoka katika mkojo wa binadamu, pamoja na homoni ya vidonge vya kupanga uzazi. Katika baadhi ya mito, kemikali za viwandani zilichangia pia.

Huenda ukauliza, je, mwili haubomoi homoni hizo kabla ya kuzitoa? Ini letu huzifunga kwa kuziunganisha na kitu cha jamii ya sukari, ili zisifanye kazi tena na zitoke kwa urahisi kwenye mkojo. Lakini bakteria waliomo kwenye majitaka hukifungua kifungo hicho, na homoni hupata nguvu upya. Mtambo wa kusafisha majitaka hupunguza homoni hizi, ila mara nyingi hauzimalizi.

Ziwa la majaribio

Wengine walibisha kwamba protini katika damu si ugonjwa. Wanasayansi wa Kanada wakaamua kulipima jambo hili katika ziwa zima. Walichagua ziwa dogo lililo mbali na watu katika jimbo la Ontario, linaloitwa Ziwa 260. Kuanzia mwaka wa 2001 hadi 2003, kila majira ya joto, walilitia homoni ya vidonge vya uzazi kwa kiwango cha nanogramu 5 hadi 6 katika kila lita ya maji.

Hicho ni kiasi kidogo mno. Kidonge kimoja chenye maikrogramu 30 za homoni hiyo kinatosha kuzifikisha lita 6,000 za maji katika kiwango cha nanogramu 5 kwa lita. Hata hivyo, madume walianza kutengeneza protini ya mayai, na viungo vyao vya uzazi vikakosa kukua ipasavyo. Samaki wadogo waishio miaka michache tu walishindwa kuzaana, wakakaribia kutoweka kabisa ziwani. Samaki wakubwa waliokuwa wakiwala nao walipungua. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2007. Jambo la kutia moyo ni kwamba homoni ilipoacha kutiwa, samaki hao wadogo waliongezeka tena baada ya miaka michache.

Msukosuko na sumu

Vitelojenini haiko peke yake. Samaki anapobanwa kwenye kizimba chenye msongamano au maji yanapochafuka, mwili wake hutoa kotisoli, homoni ile ile inayotoka kwetu tunapopata shida. Sukari ya damu hupanda pia. Hali hiyo ikidumu, kinga ya mwili hushuka, maradhi huingia kwa urahisi na mayai huharibika.

Kipimo hiki kinahitaji uangalifu, kwani hata kumshika samaki humtaharukisha, na kotisoli hupanda kwa dakika chache. Ndiyo maana damu huchukuliwa haraka. Siku hizi wataalamu hupima pia ute wa ngozi, ambao hufutwa taratibu kwa pamba, samaki akarudishwa majini akiwa hai.

Kuna pia kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi. Sisi madaktari hukipima katika damu ya mtu aliyekunywa au kuvuta dawa fulani za kuulia wadudu wa mashambani, kwa maana dawa hizo hukilemaza. Katika samaki nako, kikipungua, ni ishara kwamba dawa za shambani zimeteremka mtoni.

Hata hivyo, kipimo kimoja hakitoshi kutoa hukumu. Viwango hubadilika kulingana na umri, msimu wa kuzaana na joto la maji. Mtaalamu sharti alinganishe samaki wa mahali panaposhukiwa na wale wa maji safi.

Na sisi, je?

Watafiti waliotoa ripoti yao mwaka wa 2012 walikuta masalio ya antibiotiki, dawa za maumivu na dawa za kupunguza makali ya ukimwi katika maji ya bonde la Mto Nairobi. Mto huo huingia Athi, ambao huwa Galana na hatimaye Sabaki, hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kwa hivyo kinachotupwa Nairobi si cha Nairobi pekee.

Usiogope kula samaki kwa sababu ya haya. Vitelojenini si sumu. Ni protini ambayo tumbo huiyeyusha kama yai la kuku. Na wale ngege wa kufugwa ambao hupewa homoni ya kiume ili wote wawe madume na wakue haraka? Hupewa wakiwa vifaranga kwa majuma matatu au manne tu, na homoni hiyo hutoka mwilini miezi kadhaa kabla ya samaki kufika sokoni. Anayepaswa kujihadhari ni yule anayechanganya chakula hicho: avae glavu na kufunika pua na mdomo, na mama mja mzito asikiguse.

Akina mama, msiache vidonge vya kupanga uzazi kwa ajili ya samaki. Homoni za asili hutoka kwa kila mtu, na kwa wingi zaidi kwa waja wazito. Dawa ya tatizo hili ni kusafisha majitaka vizuri.

Lakini yapo unayoweza kufanya mwenyewe. Usitupe dawa zilizopitwa na wakati chooni wala kwenye sinki. Ulizia katika duka la dawa au hospitali iliyo karibu nawe kama huzipokea. Wasipozipokea, zichanganye na majani ya chai yaliyotumika, zifunge vizuri katika mfuko na kuzitupa pamoja na takataka, mbali na watoto. Usinunue dawa usizohitaji. Na viongozi wa kaunti wanapokuja kuomba kura, waulize majitaka ya mtaa wako huelekea wapi, na kama husafishwa kabla ya kufika mtoni. Vipimo vya kawaida vya majitaka, ambavyo huangalia bakteria na mahitaji ya oksijeni, havionyeshi homoni. Ini la samaki dume huzigundua.