Viungo vina hali, havina dola

Juma lililopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea tafsiri ya mwongozo wa mitandao ya kompyuta. Nikakutana na "itifaki ya dola ya kiungo". Nilicheka, kisha nikanyamaza. Neno la Kiingereza alilolitafsiri lina maana ya dola na pia ya hali. Naye angechaguaje bila kujua kinachorejelewa? Tukaketi tukakichambua.

Ruta ni kifaa kinachoamua data ipite njia gani. Katika itifaki za awali, ruta iliambiwa na jirani tu: "Kule nafika kwa hatua tatu." Ikaamini, ikapitisha maneno hayo mbele. Yaani uvumi. Njia ikikatika mbali, habari potovu huweza kuzunguka kwa muda.

Itifaki ya hali ya viungo (si vile vya pilau!) hufanya vingine. Ruta hutangaza inachokiona yenyewe tu: majirani wangu ni hawa, gharama ya kuwafikia ni hii. Tangazo husambazwa kwa wote bila kubadilishwa. Kila ruta hujichorea ramani nzima, kisha hutafuta njia nafuu zaidi kwa mbinu aliyoichapisha Edsger Dijkstra mwaka 1959. Kiungo kikikatika, tangazo jipya hutolewa na ramani huchorwa upya.

"Na ruta itajuaje tangazo lipi ni jipya, Profesa?"

Swali zuri. Kila tangazo hubeba nambari ya mfuatano. Tarehe 27 Oktoba 1980, nambari hizo ziliuangusha mtandao wa ARPANET, Marekani, kwa saa kadhaa. Hitilafu ya kifaa ilizalisha matangazo ya ruta moja yenye nambari 8, 40 na 44. Kumbe hesabu yenyewe ilikuwa ya mduara: ikifika 63, inarudi sufuri. Basi 40 ikaonekana mpya kuliko 8, 44 mpya kuliko 40, na 8 mpya kuliko 44! Matangazo yakafukuzana bila kikomo. Katika OSPF, itifaki ya aina hii inayotumika sana leo, nambari hazizunguki hivyo, na tangazo lisilohuishwa hutupwa likitimiza saa moja.

Dola imefutwa. Sasa mwanafunzi anataka "hali ya kiungo", umoja. Mimi nashikilia wingi, kwa kuwa ruta huorodhesha viungo vyake vyote katika tangazo moja. Bado tunabishana.