Mwanga Unaosoma Damu Ndani ya Titi

Mgonjwa anayehema kwa shida akifikishwa hospitali, iwe Kabanga au Kibondo mkoani Kigoma, muuguzi humbana kidoleni kwa kifaa kidogo chenye taa nyekundu, na namba ya oksijeni ikajitokeza. Humo mna taa mbili: hiyo nyekundu, na ya infraredi ambayo jicho haliioni. Damu yenye oksijeni ya kutosha hunyonya mwanga tofauti na iliyopungukiwa, na kifaa hulinganisha tu mwanga uliovuka. Kwa kanuni hiyohiyo wanasayansi wanachunguza saratani ya matiti.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1929 daktari Max Cutler wa New York alimulika matiti gizani akitafuta vivuli. Shida ni kwamba mwanga ukiingia mwilini hutawanyika ovyo, na kivuli hukosa ukingo. Siku hizi hutumika mwanga wa nanomita 650 hadi 1,000, unaopenya sentimita kadhaa, kisha kompyuta hukokotoa kiasi cha damu, oksijeni, maji na mafuta. Uvimbe wa saratani huotesha mishipa mipya ya kuulisha, kwa hiyo mara nyingi damu na maji huzidi pale ulipo, mafuta yakapungua.

Picha ya mwanga huu bado ina ukungu. Kwa umbo, mamografia, yaani eksirei ya titi, inaishinda mbali. Faida yake iko kwingine: haina eksirei, hivyo yaweza kurudiwa mara kwa mara. Bruce Tromberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliitumia kufuatilia kama uvimbe unaitikia dawa za kemo kabla ya upasuaji. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha Imagio, mashine inayounganisha leza na altrasaundi.

Kwetu kuna swali la ziada: ngozi. Melanini, rangi asilia ya ngozi, nayo hunyonya mwanga. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kile kifaa cha kidoleni kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya ilivyokuwa kwa wazungu. Atakayetuletea mashine ya mwanga aulizwe kwanza aliijaribu kwa ngozi za akina nani.

Tena mwanga hauondoi haja ya sindano. Mama wa Kasulu mwenye uvimbe usiouma, chuchu iliyoingia ndani au ngozi iliyobonyea anahitaji kupapaswa na mtaalamu, apigwe altrasaundi, achukuliwe kwa sindano kinyama cha uvimbe. Kinyama hicho hutumbukizwa kwenye formalini, kichupa kikaandikwa jina na upande wa titi, kikasafirishwa hadi kwenye maabara ya patholojia. Huko ndiko hujulikana kama ni saratani, na kama inalishwa na homoni, jambo linaloamua dawa atakayopewa katika hospitali ya Bugando au Ocean Road. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Kwa maoni yangu, shilingi ya kwanza ya mkoa wa Kigoma ingelipia safari ya kichupa hicho, kwenda na majibu kurudi. Mashine ya leza ingesubiri zamu yake.