Bustani ya Wanyama ya Belize na Mlezi Wake

Leo twataka kueleza habari za bustani ndogo ya wanyama iliyoko mbali sana nasi, katika nchi ya Belize. Nchi hiyo iko Amerika ya Kati, kando ya Bahari ya Karibi. Zamani iliitwa Honduras ya Kiingereza, nayo ilipata uhuru wake tarehe 21 Septemba 1981, wakati watu wake wote walipokuwa kiasi cha 150,000 tu. Ni nchi ndogo, lakini misitu yake ni minene na wanyama wake ni wengi. Tumechagua habari hizi kwa kuwa zaonyesha jambo lipasalo kufikiriwa na kila mwenye kuongoza wenziwe: kazi ya umma haidumu kwa fedha peke yake, bali hudumu pale watu wanapoiona kuwa ni mali yao wenyewe.

Bustani hiyo ilianza mwaka wa 1983, wala haikuanzishwa kwa shauri la serikali au kwa mali ya tajiri. Mtengenezaji mmoja wa sinema, Richard Foster, alikuwa akipiga picha za wanyama wa msituni, akamwajiri Bibi Sharon Matola awatunze wanyama waliowekwa kwa kazi hiyo. Bibi huyu alizaliwa Baltimore, katika nchi ya Marekani, mwaka wa 1954. Alipata kuwa askari wa Jeshi la Anga, akasoma elimu ya viumbe, tena akafanya kazi katika sarakasi huko Mexico. Fedha za sinema zilipokwisha, wanyama kama 20 hivi walibaki mikononi mwake.

Shauri lilikuwa gumu. Mnyama aliyezoea kulishwa na mtu hajui tena kujitafutia riziki. Akirudishwa porini huenda akafa njaa, au akaja vijijini akauawa. Na kumlisha kila siku ni gharama. Basi Bibi Matola aliandika kibao, akakisimamisha kando ya barabara, kuwatangazia wapitao ya kuwa hapo ndipo bustani ya wanyama ya Belize. Huo ndio uliokuwa msingi wake wote: vizimba vichache, kibao kimoja, na nia ya mtu mmoja.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni hamponyi mwenyeji asipojua ugonjwa wake. Bibi Matola aliona upesi ya kuwa wenyeji wengi waliishi karibu na wanyama wao pasipo kuwajua ila kwa hofu. Wako, kwa mfano, mnyama aitwaye tapiri. Huyu hula majani na matunda tu, ana mwili mnene kama punda, na pua yake huning'inia na kujikunja kama mkonga mfupi. Hata hivyo watu wengine waliamini ya kuwa aweza kumchuna mtu ngozi kwa pua hiyo. Amwogopaye mnyama hivyo hatasita kumwua, wala hatasikitika msitu wake ukikatwa.

Kwa sababu hiyo kiongozi huyu alishika kanuni ambayo bustani nyingi za dunia hazikuishika: hakuleta simba wala tembo ili kuwashangaza watazamaji. Aliweka wanyama wa Belize peke yao. Nao hawakukamatwa msituni kwa ajili ya maonyesho. Walikuwa yatima, au majeruhi, au waliozaliwa bustanini, au waliotolewa na bustani nyingine. Mabango yaliandikwa kwa mkono, kwa maneno mepesi yenye ladha ya Kikrioli, lugha isemwayo na watu wa nchi, kana kwamba mnyama mwenyewe ndiye asemaye na mgeni wake. Mwenyeji alitozwa kiingilio kidogo kuliko mtalii. Bibi Matola alizuru shule za vijijini, akaandika na vitabu vya watoto.

Tapiri mmoja jike, aliyeitwa April, alifanya kazi kuliko hotuba nyingi. Aliletwa akiwa mtoto mgonjwa, akalelewa akapona. Kila mwaka watoto wa shule walikuja kusherehekea siku yake ya kuzaliwa, wakamtazama akila, wakaona kwa macho yao ya kuwa hachuni mtu. April alikufa mwaka wa 2013. Tapiri ndiye mnyama wa taifa la Belize, na mtoto aliyemshangilia bustanini hakuweza tena kumwita adui.

Mwaka wa 1991 bustani ilihamia mahali papya, karibu na barabara itokayo Belize City kwenda Belmopan, katika eneo la eka 29. Idadi ya wanyama ilizidi 170, wa aina kama 45. Tena ilianza kuwasaidia wafugaji. Huko yuko jagwa, mnyama afananaye na chui lakini mzito kuliko yeye. Jagwa akianza kula ng'ombe, mfugaji hushika bunduki. Lakini wataalamu waliochunguza mizoga ya jagwa wala ng'ombe waliona ya kuwa wengi walikuwa na majeraha ya zamani ya risasi: mnyama aliyepigwa asife hawezi tena kuwinda msituni, ndipo ageukiapo mifugo. Basi kupiga ovyo huzaa hasara ile ile inayokimbiwa. Bustani ilikubali kuwapokea jagwa waliokamatwa kwa kosa hilo, wasiuawe. Nasi ambao chui hutuchukulia mbuzi twaweza kuelewa vema thamani ya msaada wa namna hiyo.

Uongozi, hata hivyo, hupimwa siku ya shida. Serikali ilipokubali bwawa la umeme lijengwe mahali paitwapo Chalillo, katika mto Macal, Bibi Matola alipinga. Bonde lile lilikuwa makao ya tapiri na jagwa, na ndimo walimozalia kasuku wakubwa wekundu, ambao nchini walikuwa wamebaki wachache. Wakubwa wa nchi walimkasirikia, wakamwita adui wa maendeleo. Wala hoja yao haikuwa tupu, maana nchi ilihitaji umeme. Kesi ilifika mpaka Baraza la Mfalme huko London, na mwezi wa Januari 2004 waamuzi watatu kati ya watano waliikataa. Bwawa lilijengwa, likamalizika mwaka wa 2005, na sehemu ya bonde ikafunikwa na maji.

Alishindwa, basi. Lakini hakuondoka nchini, ambayo alikuwa raia wake, wala hakuifunga bustani. Alirudi kwenye kazi yake ya kila siku, na shule ziliendelea kuleta watoto. Kimbunga kilichoitwa Richard kilipoangusha miti na kuvunja vizimba mwezi wa Oktoba 2010, bustani ilijengwa tena.

Bibi Matola alifariki dunia tarehe 21 Machi 2021, mwenye umri wa miaka 66. Kazi nyingi zilizoanzishwa na mtu mmoja huzikwa pamoja naye. Hii haikuzikwa, kwa kuwa alikuwa amewafundisha wenyeji kuifanya. Uongozi ulishikwa na Dakta Celso Poot, mwana wa Belize, aliyekuwa amefanya kazi hapo miaka mingi katika mafundisho.

Twaona, basi, mambo matatu. Kwanza, mwalimu huanza na kile kilichoko mlangoni pa mwanafunzi, si kitokacho ng'ambo. Pili, hofu haiondolewi kwa kukemea, bali kwa kumwonyesha mtu jambo kwa macho yake. Tatu, kiongozi mwema huwaandaa watakaomfuata angali na nguvu. Kila mwenye kuongoza shule, chama au kijiji na ajiulize: nisipokuwapo kesho, nani ajua kazi hii, na nani ataiita yake?