Chakula cha Mtoto Mdogo Upareni

Mtu ashukaye kutoka Usangi au Ugweno huliona ziwa Jipe chini yake, ng'ambo ya pili ikiwa Kenya. Milimani kuna ndizi na maharagwe, bondeni mahindi, ziwani perege. Basi mgeni huuliza: hapa mtoto hukosaje mwili? Swali hili ni la nchi nzima, maana hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, 30 wamedumaa.

Umaskini upo, siukatai. Lakini na desturi zina sehemu yake. Katika nyumba nyingi mnofu ni wa baba, na mtoto hupewa mchuzi. Ladha ya samaki imo mchuzini. Kijengacho mwili kimebaki katika mnofu. Mama mwenye mimba naye hukatazwa mayai, eti mtoto atazaliwa bila nywele, na hali kifaranga hutoka katika yai hilo hilo na manyoya yake!

Iliyo nzito zaidi ni habari ya kubemenda. Husemwa kwamba wazazi wakikutana mtoto angali akinyonya, au mama akishika mimba nyingine, maziwa huharibika, na mtoto hukonda na kulegea miguu. Wazee hawakuwa wajinga: mwiko huo uliachanisha uzazi, kila mtoto akanyonya zamu yake. Ubaya wake u katika hukumu. Mtoto akikonda, mama huona haya na kumficha, asimpeleke zahanati. Au akijiona ana mimba, humwachisha ziwa kwa siku moja. Maziwa yake hayana sumu. Kimdhurucho mtoto ni kutolewa ghafula katika maziwa na kutiwa katika uji mtupu wa mahindi.

Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo sasa Ghana, aliandika juu ya watoto waliovimba miguu kwa kulishwa mahindi matupu. Alitumia jina la wenyeji, kwashakoo, yaani ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi na mdogo wake. Wageni hao waliona lile lile tuliitalo kubemendwa, ila wao waliliita kwa chanzo chake.

Mtoto anyonye tu mpaka miezi 6, kisha ale huku akiendelea kunyonya hata miaka 2 na zaidi. Makande yetu ni mema, ila kwa mdogo maharagwe yapondwe na maganda yatolewe. Uji mwepesi hujaza tumbo kwa maji. Upikwe mzito, utiwe unga wa karanga au wa samaki mkavu. Ukimshinda kumeza, upoze kidogo, utie kijiko cha unga wa kimea cha ulezi, kile wakijuacho wapika pombe. Utalainika pasipo maji. Kisha uurudishe motoni uchemke. Na mama akiwa na kichanga mkononi, baba aweza kukishika kijiko.